Ukumbi Uliozidisha Mmoja

Vijana wangu, mkitaka kuhesabu watu bila kuonekana mnahesabu, msitumie kidole. Kidole kinatukana. Tumieni kidevu. Mnaitikia salamu huku na huku, na kila kidevu kinaposhuka, ni mtu mmoja. Mkifika ukutani mnageuka na kuhesabu tena kutoka upande wa pili. Hesabu zikilingana, andikeni. Zisipolingana, kunyweni chai kwanza.

Nawaambia haya kwa sababu nimesikia mnataka kulichukua jarida la kijiji mlihamishie kwenye simu. Lichukueni. Magoti yangu yamekwisha, na macho yananidanganya kwenye herufi ndogo. Ila kazi hii ina mambo ambayo hayamo kwenye simu, na mengine nisipowaambia mimi, hakuna atakayewaambia.

Nikisema kijiji, msicheke. Najua leo ukipanda basi Liverpool, hii ya huku kusini mwa dunia, si ile ya Waingereza kwao, kwenda kule huoni mji unapoishia. Ni mapaa, gereji, halafu mapaa tena. Lakini katikati ya mapaa hayo kuna kanisa dogo la mawe, makaburi yaliyoinama upande kama wazee wanaosikiliza maneno ya jirani, na ukumbi wa mbao wenye paa la bati. Waingereza waliofika kule zamani walipaita kwa jina la kijiji walichotoka. Wakapanda miti ya kwao, ambayo hadi leo hupukutisha majani kwa aibu katikati ya miti isiyopukutisha. Wakaanzisha mashindano ya maboga na jarida la kurasa nne: nani kazaliwa, nani kazikwa, kuku wa nani wamepotea, na ukurasa wa mwisho kipande cha historia ya mahali. Baadaye wajukuu wao wakahama. Wakaja watu wa Uvira, Fizi na Bukavu waliokimbia vita, pamoja na sisi wachache wa Kigoma, kwa kuwa ndiko tulikopewa nyumba. Wenyeji wakapungua, jarida likabaki.

Mimi nilikuwa nimeumia mgongo ghalani, Port Botany. Daktari akasema nitembee kila siku. Nikasema, kama lazima nitembee, heri nitembee na kitu mkononi. Mtu mweusi anayezungukazunguka mitaa bila kitu mkononi huulizwa maswali. Ndivyo nilivyoanza kusambaza jarida kwenye masanduku ya barua. Hapo nilijifunza mawili. Mbwa anayebweka ana adabu, mwogope aliyenyamaza. Na usiingize vidole ndani ya sanduku la barua, kwa sababu buibui wa kule mwenye mgongo mwekundu hajali kwamba wewe ni mwanahabari.

Aliyekuwa akiliandika ni Bi Margaret, mjane mrefu, mwembamba, anayetembea kama anapima kiwanja. Mama yake aliliandika kabla yake. Baada ya mwaka wa kusambaza nilimwendea nikamwambia: watu wa Kiswahili sasa ni wengi, nataka ukurasa.

"Mistari minne," akasema.

Nikacheka kile kicheko changu cha sokoni, nikachukua kofia, nikajifanya naondoka. Huko kwetu, ukifika mlangoni muuzaji hukuita. Yeye aliniacha nikafika getini. Nikasimama pale nikitazama waridi kama mjinga, halafu nikarudi mwenyewe. Tulifunga kwenye mistari kumi na miwili, na mimi nilete maandazi kila jarida linapokunjwa. Sijawahi kushindwa vizuri namna ile.

Alinifundisha kazi. Kwanza, usiandike "watu wengi". Wengi ni wangapi? Hesabu, kisha hesabu tena. Pili, hakikisha majina, maana nilipokuwa mgeni nilimpa ushindi wa boga mwanamke aliyeshika nafasi ya pili. Mshindi wa kweli alikuja nyumbani kwangu amelikumbatia boga lenyewe, akaliweka mezani, akaondoka. Boga kubwa kama mtoto wa miaka miwili. Tulilila hadi mke wangu, Mungu amrehemu, akaniambia safari nyingine nikosee kwenye mashindano ya keki. Tatu, kwenye historia ya mahali, usimwulize mzee "zamani palikuwaje". Utapewa hotuba. Mwulize jirani yake wa kushoto alikuwa nani. Akianza na jirani wa kushoto, atafika mwenyewe kwenye moto, mafuriko na ndoa iliyovunjika.

Sasa nifike kwenye ule ukumbi.

Mara ya kwanza ilikuwa mkutano wa wapanda maua. Mchana, joto la Januari, bati linatoa milio kama mtu anayenyoosha vidole. Nilihesabu kwa kidevu kutoka mlangoni: ishirini na nne. Nikahesabu kutoka jukwaani: ishirini na nne. Safi. Nikatoa karatasi niandike majina. Yakafika ishirini na matatu.

Nikajua nimemsahau mtu. Nikapita kila uso, mmoja mmoja. Kila uso nililijua jina lake, na kila jina nilikuwa nimeliandika. Hapakuwa na mgeni. Nikahesabu vichwa tena, ishirini na nne. Nikapita nyuso tena, kila mmoja namjua, ishirini na watatu. Nilihisi kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akadhani kuna kidato kimoja zaidi.

Nilimfuata Bi Margaret jikoni mwa ukumbi. Alikuwa anajaza birika.

"Vichwa na majina havilingani," nikamwambia.

"Umezidi mmoja?"

"Mmoja."

Akafunga bomba. "Ukumbi huu huzidisha. Si kila mara. Mama yangu naye aliuona. Andika hesabu ndogo."

"Huyo mmoja ni nani?"

Akanitazama kama nimeuliza umri wake. "Ulitaka nimwulize jina mbele ya watu? Angejisikiaje?"

Basi. Akaweka birika motoni, na mimi nikaandika ishirini na watatu. Ningefanya nini? Mtu aliyenipiku getini kwake angenipiku na jikoni.

Miaka ikapita, na lile jambo likawa kama jino bovu lisilouma. Kanisani hesabu zinalingana. Dukani zinalingana. Ukumbini, mara moja moja, mmoja anazidi. Simu zilipokuja na kamera nilidhani nimempata. Nikapanda jukwaani nikapiga picha, nikaenda kuhesabu nyumbani nikiwa na miwani. Picha ikatoa hesabu ndogo. Kwa hiyo ninyi mtakaohesabu kwa picha hamtasumbuka hata siku moja. Sijui kama niwapongeze.

Halafu ukaja msiba nyumbani kwa Bibi Nyota.

Bibi Nyota alikuwa mama wa Esperance, yule anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Parramatta. Walifika hapa wawili, mama na binti. Mtoto wa kiume, Bahati, alibaki nyuma siku walipokimbia. Alirudi kumfuata jirani, akasema atawakuta mbele. Miaka yote Bibi aliishi na lile "mbele". Kila mgeni aliyeshuka kwenye ndege, Bibi alimwuliza kama kamwona. Siku moja simu ikapigwa kutoka nyumbani: Bahati amekufa zamani, alizikwa pamoja na wengine, na aliyejua mahali naye amekufa.

Nyumba yao ilikuwa ndogo na majirani hawakuzoea nyimbo. Bi Margaret akatoa ufunguo wa ukumbi, matanga yakawekwa pale. Watu walitoka kila upande, wengine na nguo za kazi, wakaketi, wakaimba, wakapika. Na Bibi Nyota akaketi mbele, kando yake kiti kitupu, akakataa kula.

"Siwezi kula kabla ya mgeni kufika," alisema. Hakulia. Alisema kama mtu anayeeleza ratiba ya basi.

Siku ya kwanza watu walimwelewa. Siku ya pili wakaanza kunong'ona. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Muuguzi alikuja, akampima, akamwambia Esperance wazi kwamba asipokula hadi kesho atabebwa hospitali, na kwa umri ule asitarajie mengi. Esperance alinikuta nje kwenye kivuli cha tangi la maji, bado amevaa sare ya kazi.

"Mzee Gazeti," akaniambia, maana ndivyo walivyoniita, "kutwa nzima minalisha wamama wa watu na kijiko. Ninawabembeleza, wanafungua kinywa. Mama yangu mimi amefunga. Unaelewa?"

"Naelewa, mwanangu."

"Enda umwambie. Weye anakusikia. Weye unajua kupatana na watu."

Nikaenda kupatana. Nikamwekea bakuli la uji. Nikaanza juu, kama kawaida: bakuli zima. Akatikisa kichwa. Nusu. Akatikisa. Vijiko vitatu, Bibi, kwa ajili ya huyu binti. Akalifunika bakuli kwa mkono.

"Wewe ulikuwa unauza nini, kwenu?"

"Mitumba, Bibi."

"Basi unajua. Kitu ambacho si cha kuuzwa, mtu hakitajii bei."

Nikaondoa bakuli.

Nilikuwa na shida yangu pia. Jarida lilikuwa linakwenda kwa mchapaji, na tangazo la kifo cha Bahati lilikuwa mfukoni mwangu halijakamilika. Bibi alikuwa amekataza. Asiandikwe amekufa, alisema, kabla hajafika. Nikaketi nyuma, karibu na Papa Deo. Papa Deo anaendesha lori la makontena, na ni mtu anayeweza kukuchekesha kwenye foleni ya hospitali. Nilipokuwa pale, kidevu changu kikaanza kazi. Hata sikukiamuru. Nikafika ukutani nikapata hamsini na wawili. Nikarudi kutoka upande wa pili: hamsini na wawili. Halafu majina, na hayo niliyajua yote, na Bi Margaret ambaye alikuwa kwenye kona na sinia la sandwichi ambazo hakuna aliyezigusa. Hamsini na moja.

Sasa sikieni jambo moja kuhusu watu wa kule kwa Bibi, kama wazazi wenu hawajawaambia. Watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu watu, unampa mauti hesabu. Wapishi wa msiba wanajua dawa yake: wanahesabu sahani. Sahani haina roho. Nikaenda jikoni nikamwuliza Esperance, sahani ngapi zimetoka mchana?

"Hamsini."

Hesabu hiyo ilinishtua hadi nikakumbuka kwamba Bibi hakula. Watu hamsini na mmoja, toa Bibi, hamsini. Sawasawa. Nikapumua.

"Na zilizorudi?"

Akageuka kwenye karo. Akazipanga kumi kumi juu ya meza. Akazipanga tena. Akaitazama ile ya mwisho, iliyobaki peke yake nje ya mafungu. Ilikuwa imelambwa safi.

"Hii imetoka wapi?" akauliza. "Mimi sikuitoa."

Nilirudi kwa Papa Deo. "Umekula mara mbili."

"Mara moja, Mzee."

"Deo. Nakujua."

"Nakuapia! Leo mara moja. Niko nalia msiba, nakula namna gani mara mbili?" Akaonyesha tumbo lake, kama shahidi. "Kesho, sikatai."

Nilikuwa bado nimesimama pale nilipoona Bibi Nyota ananitazama kutoka mbele. Akaniita kwa mkono. Nyimbo zikapungua.

"Mzee Gazeti. Midomo yako inatembea tangu mchana. Unaomba Mungu?"

"Hapana, Bibi."

"Uko unahesabu watu."

Mama mmoja alishika kichwa. Nikasema ndiyo, ni kazi yangu, nisamehewe.

"Watu ni mbuzi?"

"Hapana, Bibi."

"Unatuhesabu ili nani atujue?" Sauti ilikuwa imepanda. Halafu, ghafla, ikashuka. "Umepata wangapi?"

Sasa vijana, hapo ndipo kazi ilipo. Esperance alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sahani mkononi, akinisihi kwa macho: sema. Sema amefika. Neno moja, na mama atakula. Na upande wa pili, kwenye kona, Bi Margaret, asiyejua Kiswahili lakini anajua uso wangu, akatikisa kichwa taratibu. Kwa sababu yeye na mimi tulijua kwamba ukumbi ule ulikuwa unazidisha mmoja tangu kabla ya Bahati kuzaliwa. Ningemwambia nini yule mama? Kwamba mwanawe kafika, au kwamba kuna mtu wa Waingereza anayependa vikao? Nikisema amefika, huenda ni uongo. Nikisema hajafika, sikuwa na hakika kwamba huo nao si uongo.

"Hesabu zangu hazilingani, Bibi," nikasema. Ndiyo kweli pekee niliyokuwa nayo.

"Zinazidi ao zinapungua?"

"Zinazidi."

Akafumba macho. Watu walisogea kwenye viti vyao. Nilisikia mbao zikilia chini ya miguu.

"Hesabu tena," akasema. "Kwa nguvu. Tusikie sisi wote."

"Mama, hapana," Esperance akasema. "Mwiko."

"Mwiko ni wangu, ninauondoa. Kila mtu akiguswa, aseme niko. Anza, Mzee."

Jasho lilikuwa linanitoka chini ya kofia. Nikajigusa kifua. Moja, niko. Nikaanza safu ya mbele. Bibi mwenyewe akasema niko, kavu. Nikaenda. Niko. Niko. Wengine walisema kwa sauti ndogo, kama wanaofichua kosa. Mtoto mmoja aliyelala mapajani mwa mama yake alisemewa. Esperance alisema akiwa mlangoni. Nilipofika kwenye kona nikamgusa Bi Margaret bega, na yeye, aliyekuwa anasikiliza muda wote, akasema "niko" kwa ulimi wake mzito, na hakuna aliyecheka. Wa mwisho alikuwa Papa Deo, karibu na mlango mkubwa. Hamsini na moja.

"Niko," akasema Papa Deo.

Nilitaka kumgeukia Bibi. Nilikuwa nafungua kinywa kumwambia imetimia, Bibi, haikuzidi.

"Niko."

Haikutoka mlangoni. Haikutoka jukwaani. Ilitoka mbele kati ya viti, sauti ya mwanaume, si mzee, yenye mikwaruzo kama ya mtu aliyekula vumbi la njia ndefu. Haikuwa kubwa. Mtu anayeitikia akiwa amechoka huitikia vile.

Papa Deo alikuwa mbele yangu, mdomo wazi, na mdomo ule haukutikisika. Nasema hivyo kwa sababu najua mtaniuliza. Wote walikuwa wamemgeukia Deo mlangoni, na hakuna aliyerudisha shingo mbele. Watu hamsini, na hakuna aliyegeuka. Nadhani kila mmoja alijua kwamba akigeuka ataona kiti kitupu, na hakuna aliyetaka kumnyang'anya yule mama kiti kile.

Nje kasuku weupe walipita wakipiga kelele juu ya bati.

Nimeuliza bei ya kila kitu maishani mwangu. Nimeuliza bei ya jeneza la mke wangu mara tatu. Siku ile sikuuliza kitu. Sikumwuliza mtu kama ni yeye, wala kiti kama kina mtu.

"Umekawia," Bibi Nyota akasema. Hakuwa anasema nami.

Akakiweka sawa kile kiti kilichokuwa kando yake, kama unavyomsogezea mtu asikae pembeni. Akamwita Esperance alete ugali na mboga, sahani mbili. Esperance akaleta mbio, mchuzi ukamwagika kidogo kwenye sakafu. Moja akaiweka mapajani mwa mama, nyingine akaiweka juu ya kiti.

Bibi akanawa. Akakata tonge, akalichovya, akalitia kinywani, akatafuna kwa muda mrefu, akameza. Esperance akaketi chini sakafuni pale pale alipokuwa na kuanza kulia kwa sauti, na akina mama wakampokea, na sasa ndipo msiba ulipolia kweli.

Nikasogea karibu. Nilikuwa na tangazo mfukoni, na mchapaji hangoji. Bibi aliniona bila kuinua macho kwenye sahani.

"Sasa andika," akasema. "Andika kwamba Bahati amekufa. Lakini ngoja kwanza amalize kula."